Je, Wajua? Bodi Iliyogoma Mara Nyingi Ni Nzima

Je, wajua kwamba kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne ndani? Nyekundu na nyeusi hupitisha umeme, kijani na nyeupe hupitisha data. Kebo nyingi za bei nafuu za kuchajia simu zina zile mbili za umeme tu. Ukichomeka bodi ya Arduino kwa kebo ya namna hiyo, taa inawaka, kompyuta inakaa kimya, na anayeanza kujifunza anasema bodi imeungua. Haijaungua. Chukua kebo hiyohiyo uunganishe simu yako na kompyuta. Simu ikichaji bila faili zake kuonekana hata baada ya kuiruhusu, kebo ni ya chaji. Ifunge tepu uitofautishe na nyingine, maana kwa macho zinafanana kabisa.

Nimeanza na kebo kwa makusudi. Kutoka Kariakoo hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000, na Geita ni mbele zaidi. Mtu wa Dar es Salaam akikosea kutambua tatizo, anashuka mtaani na kununua bodi nyingine jioni hiyohiyo. Wa Ushirombo au Katoro, huko Geita, anangoja kifurushi cha basi, na pesa ya pili imeshatoka mfukoni. Kwa hiyo wewe mwanafunzi wa ufundi, fundi simu, au mfugaji uliyejiundia mashine ya kutotolesha vifaranga, nakuomba usiitupe bodi iliyokataa programu kabla ya kuipima.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika katikati ya kuflashi, yaani kuiandikia chipu programu, chipu haifi? Arduino Uno ina chipu ya ATmega328P yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu. Mwishoni mwa nafasi hiyo hukaa butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza bodi ikiwashwa, ikaisikiliza kompyuta kwa muda mfupi kabla ya kuiachia programu yako kazi. Butiloda ya Uno inaitwa Optiboot. Ni ya baiti 512 tu, na haijifuti inapoandika programu yako. Umeme ukirudi, flashi upya.

Kwenye bodi za ESP32 na Raspberry Pi Pico ulinzi ni mkubwa zaidi. Programu ya kwanza kabisa imechongwa ndani ya chipu kiwandani, na hakuna faili utakalopakia liwezalo kuifuta. Shikilia kitufe cha BOOTSEL cha Pico, chomeka kebo, kisha achia. Kompyuta ikionyesha diski inayoitwa RPI-RP2, chipu yako ni hai, hata kama programu iliyokuwamo ilivurugika vibaya. Diski isipoonekana, rudi kwenye kebo.

Je, wajua kwamba kompyuta haizungumzi moja kwa moja na chipu kuu ya Uno wala ya Arduino Nano? Katikati kuna chipu nyingine ya kutafsiri USB. Kwenye bodi nyingi za bei nafuu ni CH340, inayotengenezwa na kampuni ya WCH ya Nanjing, China. Windows isipokuwa na draiva yake haitoi namba ya COM, na bila namba hiyo programu haina mlango wa kupitia. Weka draiva kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Draiva nayo inaweza kuwa ndiyo adui. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskochi ilisambaza draiva mpya kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na nakala bandia ya chipu yao ya FT232, iliibadilisha namba ya utambulisho kutoka 6001 kuwa 0. Vifaa vya watu waliovinunua kwa nia njema vikaacha kutambulika kwenye kompyuta zao, na hata wakivihamishia kwenye nyingine. Malalamiko yakawa makali, draiva ikaondolewa. Chipu zenyewe hazikuwa zimeungua: waliojua njia waliandika upya namba 6001, vifaa vikafanya kazi. Kwa maoni yangu kampuni ilikosea kumwadhibu mnunuzi wa mwisho kwa kosa la mtengenezaji bandia.

Na wewe unayetumia Ubuntu 22.04? Humo mna brltty, programu inayowasaidia wasioona kutumia kifaa cha maandishi ya Breli. Kifaa kimoja cha aina hiyo kina namba za utambulisho sawa na za CH340, yaani 1A86 na 7523. Basi ukichomeka Nano, brltty inaichukua ikidhani ni Breli, na poti inatokea kisha inapotea hapohapo. Kama hakuna anayeitegemea kwenye kompyuta hiyo, iondoe. Kama yupo, izuie kwa namba hizo mbili tu na umwachie mwenzako chombo chake. Kumbuka pia kumwingiza mtumiaji wa kompyuta kwenye kundi la dialout, la sivyo Linux haitamruhusu kugusa poti.

Je, wajua kwamba Nano mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautiana spidi? Tangu 2018 Arduino wenyewe wameweka kwenye Nano butiloda mpya inayopokea data kwa spidi ya 115200. Nakala nyingi sokoni bado zina ile ya zamani ya 57600. Ukikosea kuchagua, unapata mistari kumi ya stk500_getsync, yaani kompyuta imebisha hodi mara kumi bila kujibiwa. Dawa yake iko kwenye menyu ya kuchagua prosesa: chagua ATmega328P yenye butiloda ya zamani, jaribu tena.

Mistari hiyohiyo kumi hutokea pia ukiwa umeunganisha kitu kwenye pini 0 na 1. Pini hizo ndizo njia ya data kati ya chipu ya USB na chipu kuu. Kwetu mgeni wa kawaida kwenye pini hizo ni moduli ya simu ya SIM800L, inayotuma ujumbe mfupi kutoka shambani au kwenye pampu kusikokuwa na Wi-Fi. Ichomoe, flashi, kisha irudishe. Au, vizuri zaidi, ihamishie kwenye pini nyingine moja kwa moja. Moduli hiyo ina la pili. Ikitafuta mtandao huvuta mkondo unaofika ampea 2 kwa kishindo, na hutaka volti kati ya 3.4 na 4.4. Kuilisha kutoka kwenye pini ya volti 5 ya Arduino ni kuizidishia volti na kuipunja mkondo kwa wakati mmoja.

Na hili ni jepesi mno kiasi kwamba watu hulisahau: dirisha la kusomea data likiwa wazi kwenye programu nyingine, poti imeshikwa. Lifunge.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakigharimu shilingi. Chukua Uno na nyaya mbili fupi. Wa kwanza unganisha RESET na GND. Hapo chipu kuu inanyamazishwa. Wa pili unganisha pini 0 na pini 1. Fungua dirisha la data, andika neno lolote, tuseme dhahabu, halafu tuma. Neno likikurudia herufi kwa herufi, umethibitisha kwa mpigo mmoja kwamba kebo, poti, draiva na chipu ya USB vyote ni vizima. Tatizo limebaki kwenye chipu kuu au kwenye ulichochagua menyuni. Lisiporudi, usiihangaikie chipu kuu kabisa, maana hata salamu haijaifikia. Nusu ya kazi ya utambuzi imekwisha kabla chai haijapoa.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 huenda wewe mwenyewe uliboresha kifaa cha kielektroniki ukutani kwako kwa kubonyeza namba? Mita za LUKU hufuata mfumo wa STS uliozaliwa Afrika Kusini. Kila tokeni ya uniti yenye tarakimu 20 imebeba muhuri wa muda, ambao ni idadi ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Hesabu hiyo imetengewa biti 24, na biti 24 zina nafasi ya dakika 16,777,216 basi. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja. Unapata siku 11,650 na ushee, na ukizihesabu kuanzia mwanzo wa 1993 zinaangukia 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyoboreshwa isingepokea tokeni mpya.

Ndiyo maana TANESCO iliwatumia wateja makundi matatu ya tarakimu: mawili ya kwanza ya kuiboresha mita, la tatu ndilo lenye uniti. Programu ya mita haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni ufunguo wa siri, na mwanzo wa hesabu ukasogezwa hadi 2014. Uniti za kundi la tatu zilifungwa kwa ufunguo mpya, hivyo aliyeruka makundi mawili ya kwanza alikataliwa na mita akadhani imeharibika. Ilikuwa nzima. Hesabu mpya itajaa Novemba 2045, na mafundi watakaoishughulikia siku hiyo wengine wako darasa la kwanza sasa hivi.

Ugonjwa huohuo wa hesabu kujaa unaikuta Arduino, tena mapema zaidi. Inahesabu milisekunde tangu ilipowashwa kwa biti 32, na hesabu hiyo hurudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Mashine ya kutotolesha isiyozimwa hupitisha kundi la kwanza salama, la pili salama, na siku ya nane ya kundi la tatu hesabu inarudi sifuri. Kama programu iliandikwa kwa kujumlisha muda ujao badala ya kutoa muda uliopita, kigeuza mayai kinaweza kusimama au kikageuka ovyo. Fundi anaflashi upya, mashine inapona, wote wanaamini programu ilikuwa imechakaa ndani ya chipu. Kilichoiponya ni kuzimwa na kuwashwa. Baada ya siku 49 nyingine itagoma tena, mpaka mtu arekebishe mstari ule mmoja: toa muda wa mwanzo kutoka muda wa sasa, kisha linganisha tofauti.

Je, programu huweza kuchakaa kweli? Mtengenezaji wa ATmega328P anaahidi kuandikwa upya mara 10,000. Ukiflashi mara 10 kila siku bila kupumzika, utafika huko baada ya siku 1,000. Data yenyewe inadumu miaka 20 kwenye nyuzi 85 na miaka 100 kwenye nyuzi 25, kwa hiyo jua la Shinyanga haliifuti programu. Cha kuangalia ni EEPROM, ile kumbukumbu ndogo ya kilobaiti 1 ya kuhifadhia vipimo. Ahadi yake ni mara 100,000 kwa kila seli. Inaonekana nyingi, mpaka mwanafunzi anapotengeneza kipimo cha kina cha maji tangini na kuandika kina hicho kila sekunde mahali palepale. Sekunde 100,000 ni chini ya saa 28. Andika pale kina kinapobadilika tu.

Je, wajua kwamba faili la programu linaweza kuthibitishwa kwa macho? Fungua faili la .hex kwa Notepad. Kila mstari unaanza na nukta pacha, na mstari wa mwisho wa faili zima ni huu:

:00000001FF

Muundo huu ni wa Intel, wa tangu miaka ya 1970. Tarakimu mbili za mwisho za kila mstari ni za uhakiki: jumlisha jozi zote za mstari kwa hesabu ya namba za kumi na sita, na jibu lazima liishie na 00. Jaribu na mstari huo. 00, 00, 00, 01 na FF vinatoa 100. Mwisho wake ni 00, mstari ni mzima. Ukishusha faili mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha likakatika njiani, mstari huo wa mwisho hautakuwepo. Angalia kabla ya kuilaumu bodi.

Bodi za ESP32, za kampuni ya Espressif ya Shanghai, zina tabia zao, na nitazipitia harakaharaka. Ukiona nukta zinajipanga bila mwisho kompyuta ikijaribu kuunganisha, shikilia kitufe cha BOOT hadi asilimia zianze kuhesabika. Kitufe hicho huishusha GPIO0, na bila kushuka kwake chipu haiingii hali ya kupokea. Ikiwa ni lazima ukishikilie kila mara, kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya EN na GND huondoa adha hiyo kwenye bodi nyingi. Usiweke kitu kinachoivuta GPIO12 juu wakati wa kuwasha: pini hiyo huamua volti ya kumbukumbu, na ikikuta iko juu huichagulia volti 1.8 badala ya 3.3, bodi isiamke. Invalid header: 0xffffffff kwenye dirisha la data maana yake kumbukumbu ni tupu, kwani seli iliyofutwa husomeka FF, huo si msiba. Ukiandika butiloda kwa mkono, ESP32 ya awali huitaka kwenye anwani 0x1000, lakini ESP32-C3 na S3 huitaka kwenye 0x0. ESP8266 ikitoa herufi za ajabu inapoamka, weka spidi ya 74880 uzisome vizuri.

Lipo moja la ESP32 linalostahili utulivu zaidi. Programu inaingia asilimia 100, halafu bodi inajiwasha na kujizima bila kukoma. Mara nyingi ni njaa ya umeme. Wi-Fi ikiamka, mkondo unaruka ghafla, na mtengenezaji anashauri chanzo chenye uwezo wa miliampea 500 au zaidi. Kebo ndefu yenye nyaya nyembamba hupoteza volti njiani, chipu inaona volti zimeshuka, inajizima kujilinda. Tumia kebo fupi na nene, au chanzo cha umeme cha nje, kabla hujabadilisha hata herufi moja ya programu.

Je, wajua kwamba kuflashi kunaweza kuharibu mizani bila kuivunja? Soko Kuu la Dhahabu la Geita lilifunguliwa 17 Machi 2019 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na biashara yote ya mahali kama pale inasimama juu ya mizani ya kielektroniki. Usahihi wa mizani ya namna hiyo umo kwenye namba za marekebisho zilizohifadhiwa katika kumbukumbu. Kwenye familia ya ATmega, kufuta chipu nzima kwa kifaa cha nje hufuta butiloda, na hufuta EEPROM pia isipokuwa biti moja ya usanidi iitwayo EESAVE iwe imewashwa kabla. Mizani itawaka, itaonyesha namba, na namba hizo zitakuwa za uongo. Kwa mchimbaji mdogo aliyetoka duarani Nyarugusu na gramu zake chache, huo ni wizi hata kama hakuna aliyekusudia kumwibia. Jifunzie kwenye mizani ya jikoni. Mizani ya biashara ina lakiri ya Wakala wa Vipimo. Ikifunguliwa, sharti ihakikiwe upya na Wakala kabla ya kupima tena.

Bodi zinazoflashiwa hazitoki China na Ulaya tu. Hadubini ya OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapwa kwa printa ya 3D na mwongozo wake ni wa wazi kwa yeyote, iliendelezwa na wahandisi wa Uingereza pamoja na wa Tanzania, na ikajaribiwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara kwa ajili ya kutambua malaria. Bodi inayoendesha mota zake inaitwa Sangaboard, kutokana na Valerian Sanga, mhandisi wa STICLab ya Dar es Salaam aliyeshiriki kuisanifu. Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mwanafunzi wa huko anayejua kuifufua bodi iliyogoma anaweza kuikarabati hadubini ya zahanati pasipo kungoja mtaalamu kutoka mbali, na hilo kwangu lina uzito kuliko mradi wowote wa taa za kumetameta.

Je, wajua umbali mkubwa zaidi ambako programu imewahi kurekebishwa? Novemba 2023 chombo cha Voyager 1 kilianza kutuma data isiyosomeka. Wahandisi wa NASA waligundua chipu moja ya kumbukumbu imekufa, wakaigawanya programu iliyokuwa humo na kuihamishia sehemu nyingine za kumbukumbu. Ishara ilichukua saa 22 na nusu kufika na muda kama huo kurudi. Aprili 2024 chombo kikaanza tena kueleza hali yake. Nao walisoma kumbukumbu nzima na kuilinganisha na ile iliyokuwa sahihi, kabla ya kuihamisha programu hiyo.

Basi bodi iliyokufa kweli inajulikanaje? Chukua Uno nyingine nzima, ipakie programu ya kuigeuza kifaa cha kuflashia, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND yake, kisha unganisha pini 11, 12 na 13 kwa zenzake za bodi inayoumwa, pini 10 iende RESET, na umeme volti 5 na GND. Omba sahihi ya chipu. Ikijibu 1E 95 0F, ni ATmega328P hai. Ichome butiloda upya. Ikijibu 1E 95 14, ni ATmega328 isiyo na herufi P, nayo ni hai, ichague kwa jina lake. 00 00 00 maana yake kwa kawaida ni waya uliolegea. Kaza zote urudie. Ukirudia na nyaya ni imara, jibu ni lilelile, na chipu inachoma kidole sekunde chache baada ya kuwashwa, hapo imekufa. Hata hivyo, Uno yenye chipu ndefu ya miguu 28 imeikalisha kwenye soketi. Ichomoe taratibu kwa bisibisi bapa ukiinua upande huu na huu, weka nyingine huku kijinafasi cha kichwani kikielekea palepale ilipoelekea ya zamani, na uichome butiloda kwa nyaya zilezile ambazo bado ziko mezani.